Nusu Sekunde

Faili lina dakika arubaini na moja.
Nililirekodi Ibra, jikoni kwa shangazi Shinuna,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la hiliki
na feni juu yetu inalalama kama inatudai.

Nilimwomba maneno tu.
Taja, shangazi, taja vya jikoni,
watoto wa Maskati hawavijui tena,
mwiko wanauita "ile kijiko ya mti".
Akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa leso.
Kisha akataja, mojamoja, kama anahesabu fedha:
kinu, mchi, kung'uto, kifumbu, kawa.
Mbuzi. Si wa kuchinja, mwanangu. Wa kukunia nazi.

Sasa niko Ghala, ghorofa ya tatu, saa tano usiku,
kikombe cha karaki kimeshika utando,
nafanya kazi niliyojipa mwenyewe, haina mshahara:
programu ya simu. Picha ya kinu.
Kidole kiguse, sauti iseme *kinu*,
halafu inyamaze.

Kusema, inasema.
Kunyamaza ndiko kunakoishinda.
Nimeiamuru: anza dakika ya kumi na mbili,
sekunde ya nane na nukta mbili;
ikifika sekunde ya tisa, koma.
Inaanza kwa adabu, haikosei hata unywele.
Kukoma, inapitiliza nusu sekunde,
kama gari lililopigwa breki kwenye mchanga.

Nusu sekunde si kitu, kope haijarudi juu.
Lakini mle ndani mna watu.
Baada ya *kinu* mna pumzi.
Baada ya *mchi* bangili inagonga sahani.
Baada ya *kifumbu* kuna mtu mlangoni,
"ho—" yake imekatwa, hodi haikutimia,
na mpaka leo sijui alikuwa nani.
Na baada ya *kawa*, karibu kabisa na simu,
shangazi anaanza: "Sle—"

Nagusa tena. Kawa, sle—
Nagusa. Kawa, sle—

Ningeweza kufungua faili zima nisikie lililobaki.
Nalijua lililobaki.
*Sleyum, chai inapoa.*
Sikuinywa. Nilikuwa natazama simu
kama kweli inarekodi.
Tangu mwezi wa Rajabu jiko lile lina kufuli
na ufunguo uko kwa wakili wa mirathi.

Biju, mtu wa Kerala, dawati la pili,
alikuja nyuma yangu na koti begani.
Alisikiliza mara mbili, hajui neno hata moja.
Usingoje sauti ikwambie imefika wapi, akasema,
iulize wewe, kila baada ya punje ya sekunde,
na ikikaribia, ikate kabla.
Akaenda zake kuwahi basi.

Niliandika mistari sita.
Nikagusa.
*Kawa.*
Kimya safi, kama kigae kilichopigwa deki.
Nikagusa mara ya pili, ya tatu, ya nane.
Kawa. Kawa. Ilikuwa sahihi.
Nilikaa na usahihi wangu mpaka mlinzi alipozima taa za ukumbi.

Ijumaa tulikula Al Khoud, kwa dada yangu Thuwaiba.
Zamzam wake, miaka sita, alikuwa na toleo la zamani,
nilimtilia kwenye simu ya mama yake wiki tatu nyuma,
nikasahau.
Wali ulikuwa wazi, nzi wawili wamekwisha pata habari.
Mtoto akanyoosha mkono juu ya sinia, kwa Kiswahili kilichonyooka,
kila herufi mahali pake:
"Mjomba, nipe hiyo kawasle nifunike."

Thuwaiba akanitazama. Alidhani nitacheka.
Mfukoni nilikuwa na dawa ya kosa lile,
mistari sita, dakika moja kuipakua.
Kawa ilikuwa nyuma yangu, ukili mwekundu na kijani,
ncha yake imebonyea kidogo.

Nikaichukua. Nikampa.